Wale Mabonge wa Mbele NFL: Mnavyowachukulia na Walivyo Kweli

Super Bowl, fainali ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kwa saa za huku kwetu inaanza kama saa nane na nusu usiku, na kila mwaka kwenye kundi la wanaokesha hakosi mgeni wa mchezo, na swali lake ni lile lile, hao mabonge watano waliojipanga mbele ya kotabeki, yule anayerusha pasi, wanafanya kazi gani maana mpira hawashiki, hawafungi, hawaendi popote? Hapo ndo kila mtu anakuwa mchambuzi na uongo unaanza kumwagika.

"Ni wanene tu, wamewekwa pale kuziba njia." Hii ndo inayonikera kuliko zote. Miili wanayo kweli, kilo 140 ni kawaida, Jordan Mailata wa Philadelphia Eagles anavuka 160 na urefu wake ni mita 2 na kitu. Lakini mwaka 2013 Terron Armstead, mmoja wa hao hao mabonge, kwenye majaribio ya kabla ya drafti (pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi kwa raundi), akiwa na kilo kama 139 alikimbia yadi 40 (mita 36 na ushee hivi) kwa sekunde 4.71. Wewe wa kilo 70 nenda kajaribu halafu uje tuongee. Na hizo mbio wala sio kazi yenyewe, kazi yenyewe ni kurudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi bila kupoteza balansi huku jitu la kilo 120 la wapinzani, linalomwinda kotabeki, linakujia kwa spidi yote, mikono yako impige kifuani, ukimkumbatia au kumvuta jezi refa akaona basi timu inarudishwa yadi 10, na ukishtuka tu kabla mpira haujaanza ni yadi 5. Yote hayo kwa sekunde mbili tatu, afu mnapumua kidogo, mnarudia, mara 60 au 70 kwa gemu moja. Joe Thomas wa Cleveland Browns alifanya hivyo kuanzia 2007 mpaka 2017 alipochanika msuli wa mkono, michezo 10,363 mfululizo bila kutoka hata mmoja (mchezo hapa ni kila mara mpira unapoanzishwa, sio gemu nzima)! Na timu yake haikuwahi kufika mtoano hata mara moja akiwepo, masikini.

Halafu kuna wanaosema nafasi hii haihitaji akili. Senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, ndo anayewasoma mabeki wa wapinzani na kuwapigia kelele wenzake nani amchukue nani, kwa muda mfupi sana na uwanja mzima unapiga makelele. Jason Kelce aliifanya kazi hiyo miaka 13 pale Eagles, na alichukuliwa raundi ya sita mwaka 2011, wengi walimwona mwepesi mno kwa nafasi ile. Laurent Duvernay-Tardif wa Kansas City alikuwa na digrii ya udaktari kutoka chuo cha McGill, Canada, wakati anabeba Super Bowl Februari 2020, na korona ilipoingia akaacha msimu mzima akaenda kuhudumia wazee kwao Quebec. John Urschel wa Baltimore Ravens aliacha mpira 2017 akiwa na miaka 26, akamaliza PhD ya hesabu chuo cha MIT, Marekani. Mnanielewa lakini?

Sio kwamba lazima uzaliwe nao huu mchezo pia. Huyo Mailata niliyemtaja alikuwa mcheza raga Australia, hakuwahi kucheza gemu hata moja ya futiboli ya Kimarekani kabla ya Eagles kumchukua raundi ya saba 2018, akafundishwa mpaka kukaa tu, gemu yake ya kwanza ya ligi ilikuja 2020, na 2021 akasaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64.

Ambapo tunafika kwenye hela. Watu wanaona namba kama hiyo, au ile milioni 112 ya Penei Sewell kule Detroit, wanadhani kila aliyevaa helmeti katajirika. Mikataba mingi ya NFL hailipwi yote kwa uhakika, timu inaweza kukutema kesho na sehemu kubwa ya zile namba ikapotea, na wastani wa maisha ya mchezaji unaotajwa na chama chao ni miaka mitatu na kidogo tu. Mwangalie Rees Odhiambo, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Texas: Seattle walimchukua raundi ya tatu 2016, mwaka uliofuata akapewa kumlinda kotabeki upande wa kushoto, nafasi ngumu kweli, kabla msimu haujaisha timu ikamleta Duane Brown kutoka Houston, na 2018 wakaachana naye. Kwa wengi wao hiyo ndo karia yenyewe.

"Helmeti inalinda ubongo." Helmeti inazuia fuvu kupasuka, ubongo unatikisika ndani vile vile. Mtu wa mstari huu anagongana karibu kila mchezo, hata bila kuzimia. Mike Webster, senta wa Pittsburgh Steelers mwenye ubingwa mara nne, alifariki 2002 akiwa na miaka 50 tu, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kulala hata garini, na aliyegundua tatizo kwenye ubongo wake ni Bennet Omalu, daktari Mnigeria. NFL walimpinga sana mwanzoni.

Na hili la kwamba hawaruhusiwi kushika mpira kabisa? Wanaruhusiwa, ila mwenye jezi ya 50 hadi 79 lazima kwanza amwambie refa kwamba mchezo huu napokea. Sewell alidakia Detroit Lions pasi muhimu dhidi ya Minnesota Vikings Desemba 2022. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023 kule Dallas, Taylor Decker jezi 68 akadaka mpira wa pointi mbili za nyongeza ambao ungewaweka Lions mbele dakika ya mwisho, refa akasema aliyejitambulisha ni jezi 70, akafuta, Lions wakalala 20-19. Ukikutana na shabiki wa Detroit usimguse hapo kama una haraka.