Kibarua naye ana haki ya kujiunga na chama
Asubuhi, kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area, Nairobi, husemwa kwamba kibarua anayelipwa kila jioni hawezi kujiunga na chama cha wafanyakazi. Si kweli. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma, bila kumbagua kibarua. Isitoshe, Sheria ya Ajira ya 2007 inaeleza kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mwezi, hata kama hakutia saini popote, na hivyo hastahili kufukuzwa langoni bila notisi. Kumwachisha kazi kwa sababu ya uanachama, jambo linaloumiza mno, kumekatazwa waziwazi na sheria hiyohiyo.