Lifti Inayoishia Ghorofa ya Pili

Kijana mmoja alikuja kwetu kwenye usaili wa uanagenzi wa uwakili. Kama wenzake, alipewa dakika 20 asome kesi ya mfano kisha aingie kujenga hoja. Haoni vizuri, hutegemea programu ya kusoma skrini. Faili tuliyompa ilikuwa PDF ya kurasa zilizopigwa picha, na programu ile ikikutana na picha huwa bubu. Dakika 12 zikaishia kwenye kuzigeuza picha kuwa maandishi. Alipoingia alikuwa amesoma nusu ya kesi, nasi, mawakili wa kesi za ubaguzi, tukaandika: "maandalizi hafifu." Karani ndiye aliyetueleza baadaye. Mwenyewe hakulalamika.

Kwa asiyeijua njia hii: Uingereza na Wales, barista (si yule wa kahawa) ndiye wakili ambaye kazi yake hasa ni kusimama mahakamani. Akimaliza kozi ya uwakili hupokelewa rasmi na mojawapo ya Inns 4 za London, vyama vya kale vya mabarista, mathalani Gray's Inn au Middle Temple. Bado hajapata kazi. Anahitaji uanagenzi, kwa kawaida wa miezi 12, na nafasi hizo hugombaniwa na watu wengi mno. Hapo ndipo wengi wenye ulemavu hukwama.

Sheria ipo. Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 47, inazigusa moja kwa moja chemba, yaani ofisi ambazo mabarista huzishiriki. Kifungu cha 60 kinakataza kumdadisi mwombaji habari za afya kabla ya kumpa nafasi, ila kinaruhusu kumuuliza anahitaji nini ili usaili uwe wa haki kwake. Wenzangu wengi wamekisoma nusu kifungu hiki, wakaogopa kuuliza lolote.

Tatizo liko kwenye wajibu wa kufanya marekebisho, yaani kubadili mambo ili mwenye ulemavu asikwame. Kwa mteja, chemba inatakiwa iwafikirie wenye ulemavu hata kabla hawajabisha hodi. Kwa anayeomba uanagenzi, wajibu huo huamka pale tu chemba inapojua, au ilipopaswa kujua, kuwa ana ulemavu. Mlango ni uleule: mteja ameshafikiriwa, mwanagenzi anangojwa aseme. Na kusema kuna bei yake. Mwombaji anajua wasaili wanamtazama kama ataweza kukesha na majalada, basi ananyamaza, anapambana na picha zake kimyakimya.

Kuna wanaouita huu upendeleo. House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi, ilishalijibu hilo mwaka 2004, katika Archibald dhidi ya Fife Council: wajibu wa marekebisho unaweza kudai kabisa mtu mwenye ulemavu atendewe vizuri zaidi kuliko wengine.

Baada ya uanagenzi mambo hayalegei. Mabarista wengi wamejiajiri, hakuna ofisi ya utumishi ya kukimbilia. Mfuko wa serikali uitwao Access to Work hulipia msomaji, teksi au mkalimani wa lugha ya alama, hata kwa aliyejiajiri, lakini maombi huweza kuchukua miezi. Jalada la kesi ya kesho, katika mji mwingine, linaweza kukufikia saa 11 jioni.

Sisi sasa tunatuma kesi ya mfano kwa maandishi halisi kwa waombaji wote, bila kusubiri wa kuomba. Tangazo linataja upana wa milango, choo kiko wapi, na nani wa kumpigia simu ambaye hatatoa alama. Aliyepata nafasi mara nyingi ana zaidi ya mwaka kabla ya kuanza, kwa hiyo tunakwenda naye kuzikagua mahakama atakazozifanyia kazi.

Na lifti. Jengo letu ni la kale, linalindwa kisheria, na lifti inaishia ghorofa ya pili. Usaili tulikuwa tukiufanyia ya tatu, miaka nenda miaka rudi. Nilipouliza sababu, nikaambiwa ni kwamba meza kubwa iko huko. Tuliiteremsha Jumamosi moja. Ilibidi fundi aing'oe miguu kwanza, kwenye ngazi haikupita.