Je, wajua kwa nini baridi hupasua injini ya boti iliyozimwa?

Mjomba wangu alinunua injini ya dizeli ya mtumba, ya kufungwa ndani ya boti, iliyoingia kwa kontena kutoka Ulaya. Rangi ilikuwa mpya, inawaka kwa jaribio la kwanza, haina kelele ya kutia shaka. Siku ya tatu baharini fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, nzito, ina povu. Akachukua bisibisi akakwangua rangi ubavuni mwa bloki, na pale chini pakatokea ufa mwembamba kama unywele, umelala kutoka silinda ya kwanza hadi ya tatu, umezibwa kwa gundi ya chuma.

"Mzee, mashine hii ilipigwa na baridi," fundi akamwambia.

Mjomba akatazama jua la Mtwapa, akauliza, "Baridi gani, mwanangu?"

Ana haki kuuliza. Hapa Mombasa, hata usiku wa Julai na Agosti, joto hukaa karibu na nyuzi 20 za Selsiasi. Barafu kwetu ni ile ya kiwandani inayopakiwa kwenye masanduku ya samaki. Lakini mashine za mitumba zinazotufikia zimepitia majira ya baridi kabla ya kuja kwetu, na anayetaka kununua moja afadhali ajue huko ilikotoka maji huifanya nini.

Vitu vingi hupungua ukubwa vinapopoa. Maji nayo hupungua, ila yakifika nyuzi 4 hugeuka, yanaanza kutanuka. Yakifika sifuri na kuganda, chembe zake hujipanga kwa umbo la pembe sita lenye uwazi katikati, na uwazi huo unahitaji nafasi. Ndoo ya lita 10 za maji hutoa barafu ya karibu lita 11. Ndiyo maana barafu huelea, na ndiyo maana chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza unaikuta imepasuka.

Sasa iweke chupa hiyo ndani ya chuma. Kati ya silinda na ukuta wa nje wa bloki kuna mifereji ambamo maji ya kupoza hupita. Ukizima mashine, maji hayo hayaondoki yote, mengi hubaki yametuama humo. Usiku wa baridi kali huanza kuganda, na yakikosa pa kutokea husukuma kuta. Maji yaliyofungiwa kabisa, yakipozwa hadi nyuzi 22 chini ya sifuri, huweza kusukuma kwa nguvu inayofika mara 2,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Chuma cha kusubu huvumilia kubanwa, lakini hakivumilii kuvutwa, hakinyumbuki. Hukatika. Wala chumvi ya bahari si kinga, kwa sababu maji ya bahari nayo huganda yakikaribia nyuzi 2 chini ya sifuri.

Kuna visahani vya bati vilivyopigiliwa kwenye matundu ya ubavuni mwa bloki. Watu wengi huamini viliwekwa ili vichomoke maji yakiganda, bloki isalimike. Sivyo. Matundu yale ni ya kutolea mchanga wa kalibu wakati bloki inasubiwa, na visahani ni vifuniko vyake tu. Mara nyingine kweli husukumwa nje na barafu, na mara nyingine bloki hupasuka vikiwa vimetulia palepale.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba ufa huu haujionyeshi siku unapotokea. Barafu iliyopasua chuma ndiyo hiyohiyo inayoziba ufa. Mwenye boti anaweza kupita kando yake miezi mitatu asione tone. Joto likirudi, barafu inayeyuka, na hapo ndipo maji yanachuruzika sakafuni mwa boti au, vibaya zaidi, yanaingia kwenye oili.

Kwa hiyo watu wa kule, kabla baridi haijakaza, huitayarisha mashine kwa ajili ya kulala. Kwanza huiwasha ipate moto, ili thamostati ifunguke. Thamostati ni kilango kinachofungua njia ya maji mashine ikipata joto. Kikiwa kimefungwa, dawa ya kuzuia maji kuganda utakayomimina itapita pembeni itokee kwenye ekzosi bila kufika ndani ya bloki, nawe utadhani kazi imekwisha.

Kisha hufungua plagi za chini za bloki maji yatoke. Hapa ndipo wengi hukosea. Umefungua plagi, hakuna kilichotoka, unasema pamekauka. Kumbe kutu na mchanga vimeziba tundu kwa ndani. Fundi mzoefu huingiza waya, anachokoa taratibu, na ghafla maji meusi yanafyatuka yakimrukia mkononi. Lita hizo ndizo zingepasua bloki.

Baada ya hapo ndipo humiminwa dawa ya kuzuia kuganda, ya propilini glikoli, mpaka itoke kwenye ekzosi ikiwa na rangi yake ileile. Huitumia hiyo kwa kuwa nyingine, ethilini glikoli, ni sumu kwa watu na kwa wanyama. Ukiimimina juu ya maji yaliyobaki, inazimuliwa na nguvu yake hupungua, kwa hiyo kukausha kwanza si jambo la kurukwa. Wanabadilisha pia oili, wanatia dawa ya kutunza mafuta tangini na kuondoa betri. Mashine za kuning'inia nyuma ya boti hazina taabu kubwa, kwa sababu zikisimamishwa wima maji hujitiririsha yenyewe. Ila zisilazwe.

Ukienda kununua ya mtumba, basi, chomoa kijiti cha oili kabla hujasikiliza mlio. Pitisha kidole ubavuni mwa bloki, sehemu ya juu ambako mifereji ya maji inapita. Tafuta mstari, mahali palipochomelewa, au rangi iliyo nene kuliko kwingine. Visahani vya bati vikiwa vipya kuliko injini yenyewe, uliza kwa nini. Na ukiweza, mwambie fundi azibe njia za maji na kutia upepo, aone kama unashuka.

Mashine zetu hazipigwi na baridi, lakini nazo huharibika zikiwa zimelala, na sababu ni hiyohiyo ya maji yaliyosahauliwa ndani. Kusi likivuma, boti nyingi hupandishwa pwani. Maji ya bahari yaliyobaki kwenye mifereji hukauka, na kila lita huacha karibu gramu 35 za chumvi. Chumvi hiyo huganda kama ukoko, huziba njia, huvuta unyevu na kula alumini polepole. Wazee wa majahazi walijua kwamba chombo kilichopumzishwa kinataka kutunzwa, ndiyo maana walikipaka sifa, yaani mafuta ya papa, na deheni ya chokaa na shahamu. Mashine nayo inataka ya kwake.

Kwa mashine ya kuning'inia, kazi yenyewe ni ndogo. Kata pipa, lijaze maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tumbukiza mguu wa mashine na uiwashe ikiwa katika mwendo wa chini kwa dakika kama 10. Usiiwashe pakavu hata kidogo, maana mapezi ya mpira ya pampu huungua mara moja. Angalia mashine inavyokojoa: maji yakitoka kwa nguvu, njia ni safi. Mwisho izime, iache wima hadi tone la mwisho.

Maji hayo yasiwe ya kisima, kwa sababu visima vingi vya kisiwani na pwani yetu vina magadi na chumvi, na wapo wanaosafisha chumvi kwa chumvi kila Juni bila kujua. Tafuta ya bomba au ya mvua. Ukinunua kwa mwenye mkokoteni, fungua mtungi, chovya kidole na uonje kabla hujamimina pipani.