Je, mabingwa wa sataranji wa miaka ya 1950 hawakuwa na kazi nyingine?

Wengi huamini kwamba bingwa wa sataranji wa katikati ya karne iliyopita, hasa wa Umoja wa Kisovieti, hakujua kazi nyingine: asubuhi ubao, jioni ubao. Imani hiyo haikuzuka hewani, kwani serikali ya huko iliwalipa posho wachezaji bora.

Lakini mtazame aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948. Alikuwa mhandisi wa umeme, na mwaka 1951 alipata shahada ya udaktari katika fani hiyo. Tangu ushindi ule hadi pambano la kutetea taji mwaka 1951, hakucheza hata mchezo mmoja wa mashindano. Karibu miaka mitatu! Aliporudi alitoka sare, 12 kwa 12, akabaki na taji. Aliyemvua ubingwa mwaka 1957 alikuwa mwimbaji wa sauti ya baritoni, na mwingine wa zama zao alipiga piano katika kumbi za tamasha. Kwangu mimi, hili ndilo linalofanya maisha yao yavutie kusoma.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Kumbukumbu za michezo ya zamani zipo wazi kwenye intaneti. Chagua mchezaji mmoja, panga michezo yake kwa tarehe, kisha tafuta mapengo. Ukikuta mwaka mtupu, linganisha na wasifu wake katika vitabu viwili vya waandishi tofauti: ugonjwa, vita, masomo au ajira huonekana hapo. Soma pia jina la shindano, maana michezo ya maonyesho huchanganywa humo na ile ya mashindano.