Namba ya difu: kwa nini 4.3 huondoka haraka kuliko 4.1, na lini 4.1 huishinda

Difu ni kasha la gia linalopeleka mwendo kwenye matairi, na namba yake ni hesabu ya meno: meno ya krauni (gia kubwa ya ndani) ukiyagawanya kwa meno ya pinieni (gia ndogo inayoizungusha). Krauni ya meno 43 na pinieni ya meno 10 zinatoa 4.3, maana yake propela, shafti ndefu itokayo giaboksi, inazunguka mara 4.3 ili tairi lizunguke mara moja. Difu ndiyo hatua ya mwisho kabla ya tairi, kwa hiyo namba yake inazidishwa na kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya tano, hata rivasi. Ukiibadili hiyo moja, umezibadili zote.

Tanga ni mji wa baiskeli, na mwendesha baiskeli analijua jambo hili kwa miguu. Anayebeba mzigo mzito anataka spoketi kubwa nyuma: anakanyaga mara nyingi, anakwenda polepole, lakini mzigo unaondoka. Miguu yake haijaongezwa nguvu. Difu nayo haiongezi hata nguvu moja ya farasi kwenye injini. Inachukua mizunguko na kurudisha msukumo. Namba kubwa ni difu fupi, kwa sababu kila gia inaisha mapema. Namba ndogo ni difu ndefu. Wengi hukosea hapo hapo, wakidhani namba kubwa ndiyo ya spidi.

Magari madogo ya michezo hupewa difu fupi kwa sababu injini zao ni ndogo na nguvu zake ziko juu kwenye mizunguko. Chukua Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster: injini ya cc 1,600, uzito wa kilo 950 hivi, difu ya 4.3, na gia za 3.136, 1.888, 1.330, 1.000 na 0.814. Gia ya kwanza ukiizidisha na difu unapata 13.5. Torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutonimita 137 inafika kwenye ekseli ikiwa kama 1,850, kabla ya kutoa kinachopotea kwa msuguano. Funga krauni ya 43 kwa pinieni ya 9, yaani 4.778, na msukumo unapanda asilimia 11 katika kila gia.

Hizo ni 11 za kwenye karatasi. Barabarani kuna vinavyozila.

Cha kwanza ni uzito wa vitu vinavyozunguka. Injini haisukumi gari peke yake. Inapaswa pia kuharakisha flaiwili (gurudumu zito lililofungwa kwenye injini), klachi na krankshafti (shafti kuu ya injini). Mzigo huo, ukipimwa kwenye tairi, unakua kwa mraba wa gia yote kwa jumla, yaani gia mara difu. Tuseme vitu hivyo vina ukinzani wa kuzungushwa wa 0.15 kwa kipimo cha kilo na mita za mraba. Katika gia ya kwanza yenye difu ya 4.3, ni kana kwamba gari limebebeshwa kilo 327 zaidi. Kwa 4.778 zinakuwa kama 403. Kwa gari ambalo pamoja na dereva lina kilo 1,025, ile asilimia 11 inashuka hadi kama 5. Katika gia ya tatu mzigo huo ni kilo 59 dhidi ya 73 tu, kwa hiyo faida inabaki karibu yote. Ndiyo maana difu fupi huonekana zaidi ukikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu kuliko ukiondoka taa zinapowaka kijani. Na ndiyo maana flaiwili nyepesi na difu fupi hupendana.

Cha pili ni kubadili gia. Kwa matairi ya 185/60R14 na injini iliyofikishwa mizunguko 7,200 kwa dakika, gia ya pili yenye difu ya 4.3 inaishia kama kilometa 97 kwa saa. Yenye 4.1 inafika 101. Anayepima muda wa kutoka sifuri hadi 100 atakuta gari la 4.1 halihitaji gia ya tatu, na kule kukanyaga klachi mara moja zaidi kunaweza kumeza faida yote ya 4.3. Kabla ya kununua difu, piga hesabu hii kwa spidi unayoitaka wewe.

Na hapa njia ndiyo inayoamua. Mombo kupanda Lushoto, kona juu ya kona, gari lenye difu ndefu hukwama katikati: gia ya pili inalia, ya tatu inakufa. Kwa kilometa 40 kwa saa katika gia ya tatu, 4.3 inaiweka injini kwenye mizunguko 2,100; 4.778 inaipandisha hadi 2,330, na injini ndogo inalisikia hilo. Lakini Tanga kwenda Segera na kuendelea Chalinze, kwa kilometa 100 kwa saa gia ya tano, 4.3 inazunguka 3,215 na 4.778 inafika 3,570. Kelele hiyo ukiwa nayo kwa muda wa saa nne, utajuta.

Spidomita ya gari hili huchukua mwendo kutoka giaboksi, kabla ya difu, kwa hiyo ukibadili difu itadanganya. Ukifunga 4.778 itasoma juu: mwendo halisi wa 90 itaonyesha 100. Hilo halina ubaya. Ukitoka 4.3 kwenda 4.1 itasoma chini, nawe ukiamini uko 50 mjini, uko 52. Tochi ya trafiki haisomi spidomita yako.

Tairi nalo ni difu ya kimyakimya. Anayefunga 205/55R16 ili kuyavumilia mashimo ameongeza kipenyo kwa asilimia 9; 4.3 yake sasa inafanya kazi kama 3.93. Gari linakuwa zito kuondoka, kisha lawama zinaangukia injini.

Difu za mtumba huuzwa bila karatasi, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Gia iwe huru, gari lipandishwe kwa jeki na stendi tairi moja la nyuma tu, magurudumu mengine yawekewe kabari. Chora alama kwenye propela, zungusha tairi mara 20 kamili: propela ikienda 41 ni 4.1, ikienda 43 ni 4.3. Tairi huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa krauni kwa sababu lile la pili limesimama. Kuzungusha tairi mara mbili tu hakutoshi kutofautisha. Difu ya kubana (LSD), inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake, itakataa mtindo huu. Hiyo pandisha matairi yote mawili, yazungushe pamoja mara 10.

Difu ya MX-5 ya cc 1,600 ina krauni ya inchi 6, ile ya cc 1,800 iliyofuata ina ya inchi 7, yenye nguvu zaidi. Lakini haiingii peke yake: inataka na shafti za pembeni na propela yake. Anayebadili krauni na pinieni ndani ya kasha lile lile la difu azibadili kwa jozi, zilizosagana pamoja kiwandani, na nafasi ya meno kucheza iwe kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikibana zaidi, meno yanapata joto na kuungua. Ikilegea, italia ukiachia mafuta. Oili ni ya gia, daraja la GL-5, uzito wa 80W-90: kama lita 0.65 kwa ndogo, lita 1 kwa kubwa. Jaza hadi ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa sawa, si likiwa limeinamia jeki.