Boila mpya haidai mabomba mapya

Wengi huambiwa kwamba ukifunga mfumo mpya wa kupasha nyumba joto, kama boila (mtambo unaopasha maji yanayozunguka mabombani), lazima mabomba yote ya zamani yang'olewe. Si kweli. Bomba la shaba lisilovuja wala kuliwa hufaa kwa miaka mingi bado, na kuvunja sakafu kwa ajili yake ni hasara tupu.

Kinachoua boila mpya mara nyingi ni uchafu uliomo ndani. Fungua rejeta kuukuu, yaani kile chombo cha chuma kinachopitisha maji ya moto na kutoa joto chumbani, uone: maji hutoka meusi kama wino, na ukitia sumaku tope lile linaing'ang'ania, maana ni kutu ya chuma cha rejeta zenyewe. Fundi asafishe mfumo mzima kwanza, afunge kichujio cha sumaku, kisha atie dawa ya kuzuia kutu. Hapo usikubali hatua hata moja irukwe.

Pampu ya joto, yaani mtambo unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ni habari nyingine. Maji yake huwa ya nyuzi 35 hadi 55 hivi, tena huhitaji kuzunguka kwa wingi zaidi kuliko ya boila. Bomba jembamba la milimita 8 au 10 huenda lisitoshe. Hata hivyo fundi apige hesabu chumba kwa chumba. Pengine ni kipande kimoja tu cha kubadilisha.