Je, wajua? Mawe ya volkano yanaweza kuwa ghala la umeme

Hapa Goma hakuna anayeshangaa jiwe kukaa na moto. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, mawe yaliyofunika katikati ya mji yaliendelea kutoa joto kwa miezi. Tabia hiyohiyo inatafutwa na mafundi wa nchi za mbali, wanaohangaika na mitambo ya makaa ya mawe isiyojua kupunguza wala kuongeza nguvu upesi.

Sisi umeme wetu ni wa maji, kama wa Ruzizi na Matebe. Ukiongeza maji, turbini, yaani gurudumu linalozungusha jenereta, inaitika mara moja. Mtambo wa makaa hauko hivyo. Makaa husagwa yakawa unga, hupulizwa ndani ya boila, yaani tanuri kubwa la kuchemshia maji, na maji yaliyo kwenye mabomba hugeuka mvuke wa nyuzi 540 hivi. Mvuke huo ndio unaozungusha turbini. Shida iko kwenye chuma chenyewe, maana ni kinene. Ukikipasha ghafla, upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine, nacho hupata nyufa, kama glasi nene iliyomiminiwa chai ya moto. Ndiyo maana kuwasha mtambo uliopoa kabisa huchukua saa nyingi. Kupunguza moto nako kuna mpaka wake: ukiwa mdogo mno unayumba, na huenda ukahitaji kusaidiwa na mafuta.

Zamani hilo halikumsumbua mtu, mtambo uliwaka usiku na mchana. Siku hizi paneli za jua hujaza nyaya umeme saa sita mchana, halafu giza likiingia kila nyumba inawasha taa.

Hapo ndipo ghala la joto linapoingia. Boila inabaki na moto wake uleule, ila mchana sehemu ya mvuke hupelekwa kupasha chumvi iliyoyeyushwa, mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu na ya potasiamu unaostahimili hadi nyuzi 565. Jioni joto hilo hurudishwa kwenye maji, na turbini inapata nguvu ya ziada bila kuongezewa makaa.

Mawe je? Mwaka 2019 kampuni ya Siemens Gamesa ilizindua huko Hamburg, Ujerumani, ghala la majaribio lenye tani 1,000 hivi za mawe ya volkano. Umeme ulipasha hewa, hewa ikapasha mawe hadi nyuzi 750, kisha mawe yakachemsha maji. Jiwe lililozaliwa kwenye moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 haliyeyuki kwa hizo 750.

Hasara ipo: umeme ukigeuzwa joto, kisha joto likarudi kuwa umeme, unachopata kwa kawaida hakifiki nusu. Na boila ikiendelea kula makaa, moshi uko palepale. Mimi naona faida kubwa ni pale boila inapozimwa moja kwa moja, turbini na nyaya zikabaki, mawe yakapashwa kwa umeme wa jua au upepo.

Lakini si kila jiwe la hapa lingefaa. Lile jepesi lenye matundu, tunalolikanyaga kila siku, limejaa hewa, kwa hiyo ghala lake lingehitaji nafasi kubwa zaidi kuweka joto lilelile. Ghala linataka lile zito, linalowatoa jasho wapasua mawe.